Tanipu za Habbie Dodds

Chama cha Waboreshaji wa Kilimo cha Birkrigg kilizaliwa kilabuni kwangu, na sababu yake haikuwa ya heshima hata kidogo. Ilikuwa Novemba, mvua inachapa kutoka kila upande, na kijiji kizima hakikuwa na moto mzuri kama wangu. Wanaume walikuwa wamekaa wanakunywa pombe yangu ya shayiri, nguo zao zinafuka mvuke, mara mlango ukafunguka akaingia Bwana Gavin Pringle, mwenye ardhi yetu. Alikuwa ametoka Edinburgh, ambako waungwana walikuwa wameunda chama cha kuulizana na kufundishana mambo ya mashamba, na maneno aliyoyasikia huko yalikuwa bado yanamchemka kichwani.

"Jamani," alisema, hata kofia hajavua, "tunalima kama babu zetu walivyolima, na ng'ombe wetu wanakonda kama wa babu zetu walivyokonda. Hamchoki?"

Kaka yangu Habbie Dodds alikuwa kwenye kona yake. Hakuinua hata macho.

"Bwana mkubwa," alisema, "babu yangu alilima hivyo hivyo akazeeka mpaka akasahau jina lake. Babu yako alilima kwa kusoma vitabu, akaanguka na farasi."

Watu waliangua kicheko. Mimi nilishika birika nikaogopa, maana sisi wote tulikaa kwenye ardhi ya Bwana Pringle, na neno moja lake lingeweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Lakini yule bwana naye alicheka, tena alicheka kuliko wote, akavuta benchi akakaa. Nadhani ndicho kilichokiokoa chama. Angekasirika siku ile, yangeishia pale pale mlangoni.

Wakakubaliana masharti. Kila mwanachama angejaribu jambo moja jipya shambani, halafu aje kuwaambia wenzake lilivyokwenda, liwe jema, liwe baya. Atakayedanganya atapanda juu ya benchi, aseme ukweli mbele ya kila aliyemo kilabuni, wanywaji na mimi mpika pombe pia.

Mwaka wa kwanza bwana mkubwa ndiye aliyetuchekesha. Alipanda uzio wa miiba kuzunguka malisho, kondoo wakaula ukiwa mchanga. Akaagiza plau mpya, nyepesi, ambayo alisema wanyama wawili wataivuta badala ya kundi zima. Wakaivuta kweli, moja kwa moja mpaka kwenye bwawa. Akaja akasimama mbele ya chama, suruali imelowa mpaka kiunoni, akatoa taarifa yake: "Plau imezama. Ng'ombe wametoka. Mimi nimetoka wa mwisho."

Habbie hakukosa mkutano hata mmoja. Hakuwa mwanachama, alikuja kucheka. Mwishowe Bwana Pringle akamwambia, "Habbie, katika kijiji hiki hakuna anayejua kucheka kama wewe. Mbona unacheka ukiwa nje? Ingia ndani, utaona vizuri zaidi."

Kaka alikuwa ameshakunywa kiasi chake, na kiasi cha jirani yake. "Niingie nikaogope nini? Niandikeni!"

Wakapiga kura za mabua, kila mtu apate lake la kujaribu. Habbie akachomoa bua la tanipu.

Tanipu tulizijua. Bustani ya bwana mkubwa ilikuwa nazo, mboga za mviringo, nyeupe na zambarau, za kutia kwenye mchuzi. Lakini kuzipanda shambani, wazi, kwa ajili ya ng'ombe? Habbie alimimina zile mbegu kiganjani, ndogo kama punje za haradali, akazipuliza kidogo.

"Hizi ndizo zitamnenepesha ng'ombe? Hizi hata panya angeona umemtukana."

Lazima niseme ng'ombe wetu walikuwaje nyakati zile. Majira ya baridi tuliwafungia zizini na kuwapa mabua makavu. Miezi inapita, maziwa yanakauka, mifupa inatoka. Majani yakianza kuota nje, ng'ombe hawana tena nguvu ya kuyafuata. Basi majirani walikusanyika, wakaenda zizi kwa zizi, wakapitisha magunia chini ya tumbo la kila ng'ombe, wakamwinua na kumbeba mpaka malishoni. Siku ya Kuinua, ndivyo tulivyoiita. Tulipeleka pombe, tukaimba. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo dunia ilivyokuwa.

Na watu walidhani Habbie ni mbishi tu. Mimi dada yake nilijua zaidi. Tulipokuwa watoto ilikuja miaka mibaya, theluji ikaiangukia oti, nafaka yetu ya uji, kabla haijavunwa, mwaka baada ya mwaka. Tulikuwa na mdogo wetu, Patie. Tulimzika na mikono yake myembamba kama vijiti. Tangu hapo Habbie hakuona kipande cha shamba kama sisi tunavyokiona. Yeye aliona bakuli la uji. Kumwambia apande kitu kingine mahali pa oti ilikuwa kama kumwambia amwage bakuli hilo chini.

Lakini alikuwa ametoa neno lake. Basi akachagua kipande kibaya kuliko vyote alivyokuwa navyo, kule juu kwenye mawe, akazitupa zile mbegu kama mtu anayemwaga majivu.

"Nimepanda," akasema. "Yaliyobaki ni ya Mungu na sungura."

Ziliota. Ziliota zimesongamana kama watu mlangoni mwa kanisa. Mke wake, Mirren, alinipitia asubuhi moja na majembe mawili begani.

"Wifi, twende kwenye ile aibu ya kaka yako."

"Tukafanye nini?"

"Bwana mkubwa anasema zipunguzwe, kila moja ipate nafasi ya kukaa. Habbie hataki hata kuziangalia. Mimi siwezi kuona kitu kinahangaika kuota halafu nikipite."

Tukapalilia, tukang'oa nyingi tukaacha chache, migongo ikatuuma mpaka tukawa tunacheka kwa maumivu. Habbie alipita mbali na plau yake, akatuona, akageuza uso kama mtu aliyeona jirani yake akioga.

Kisha ikaja vuli. Oti na shayiri zikavunwa, na kwa desturi yetu, mavuno yakishaingia ghalani, shamba linakuwa la wote. Mifugo ya kila mtu inafunguliwa ikale mabaki popote. Na pale juu kwenye mawe, katikati ya nchi nzima iliyobaki kahawia, kilikuwa kimesimama kipande kimoja cha kijani kibichi. Ng'ombe wa kijiji walikiona kabla ya watu.

Nilikuwa naanika nguo nikasikia makelele. Nikaona Habbie anapanda kilima mbio, fimbo juu, kofia imeanguka nyuma. Ng'ombe wa Mchungaji Logan, wa kanisa letu, alikuwa ameshaingiza pua kwenye tanipu.

"Toka! Toka kwenye tanipu zangu, wewe mnyang'anyi wa kanisa!"

Nilimfuata na kofia yake. Alikuwa anahema.

"Zako?" nikamuuliza. "Leo zimekuwa zako?"

"Elspet, nipe kofia yangu uende nyumbani."

Toka siku hiyo alizilinda kama bibi harusi. Ng'ombe walikuwa rahisi kufukuza. Watu walikuwa kazi. Tanipu changa ni tamu, na kila aliyepita njia ile aliona moja haitamfilisi Habbie. Alasiri moja alimkuta Mchungaji Logan mwenyewe ukingoni mwa shamba, kisu kidogo mkononi na mashavu yamejaa.

"Mchungaji," Habbie akasema kwa upole, "amri ya nane inasemaje?"

Mchungaji alimeza. "Nilikuwa naipima tu, Habbie. Kwa ajili ya chama."

"Umeipima kwa meno?"

"Ni nzuri sana," mchungaji akasema. Habbie, Mungu amsamehe, alishindwa kuficha furaha yake. Alirudi nyumbani akamwambia Mirren kwamba mchungaji amekula tanipu na kwamba amezisifu. Halafu akakumbuka msimamo wake, akaongeza kwamba hata hivyo si chakula cha ng'ombe.

Wakazing'oa kabla ya baridi kali, wakazifukia kwenye shimo lenye mabua. Hapo ndipo ubishi wa kaka yangu uliposimama na kukataa kusogea. Amezipanda, amezilinda, ametimiza neno. Kumpa ng'ombe wake? Hapana. Walikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Crummie, mwenye pembe moja iliyopinda. Habbie alimpenda kuliko alivyowahi kukiri.

"Sitamjaribia Crummie," alisema. "Akifa, bwana mkubwa atakuja kutunyonyesha?"

Mirren hakubishana. Mirren ni mtu wa kukubali kwa kinywa. Kila asubuhi Habbie akishatoka kwenda kupura nafaka, alikatakata tanipu mbili tatu, akazitia kwenye hori chini ya mabua.

Februari nilikwenda kwao kuazima ungo. Theluji ilikuwa imefika madirishani. Habbie alikuwa mezani anakula uji wake wa oti, amemimina maziwa juu. Alikula kijiko kimoja. Akasita. Akala cha pili, polepole, akavuta pua.

"Mirren, maziwa haya yana ladha ya—"

Aliangalia bakuli, akaangalia dirisha na ile theluji, kisha akamwangalia mke wake.

"Maziwa," alisema. "Mwezi wa pili. Yametoka wapi maziwa?"

"Kwa ng'ombe, Habbie," Mirren akasema. "Huwa yanatoka hapo."

Nilitazama ungo wangu. Nilidhani atapiga meza. Kaka yangu akikasirika, kuku hutoka nje wenyewe. Lakini alichukua kijiko akamaliza uji wote, akafuta bakuli kwa kidole. Akatoka kwenda zizini. Tulimsikia kupitia ukutani anazungumza na Crummie kwa sauti ya chini, tusijue anasema nini. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la mabua.

"Anapenda?" akauliza.

"Anakula mpaka anaramba ubao."

"Basi msimwambie mtu. Wewe Elspet, hasa wewe. Kilabu chako kina masikio kuliko shimo la sungura."

"Kwa nini tusiseme?" nikamuuliza. "Ni jambo jema."

"Kwa sababu nimecheka mwaka mzima!" akasema. "Unajua watanicheka mpaka lini?"

Mkutano wa chama uliofuata ulipofika zamu yake, Habbie alisimama, akakohoa, akasema, "Zimeoza," akakaa. Bwana Pringle alisikitika, akamshukuru kwa kujaribu. Mimi nilikuwa namimina pombe, nikaimwaga nusu yake kwenye goti la mchungaji.

Siku zikasonga, theluji ikayeyuka, majani yakachomoza, ikaja Siku ya Kuinua. Habbie alikuwa amesahau jambo hilo, au alijifanya kusahau. Asubuhi tukamwona analeta matope kwa ndoo zizini. Alimpaka Crummie mbavuni, apate kuonekana mchafu na mnyonge. Mirren aliniambia kwamba Crummie alisimama akapakwa kwa raha zote, mnene, manyoya yanang'aa, kama bibi anayetiwa mafuta.

Kundi la watu lilipofika, Habbie alikuwa mlangoni mwa zizi, mikono ameitanua.

"Ninyi nendeni kwa wengine," akasema. "Huyu tutamwinua mimi na Mirren."

"Watu wawili? Ng'ombe mzima?" Bwana Pringle akauliza. Alikuwa amekuja na yeye, koti amevua, gunia begani. Alitaka kuonyesha kwamba chama si maneno tu. "Habbie, ana hali mbaya kiasi hicho? Hutaki tumwone?"

"Ana hali... ana hali yake," Habbie akasema.

"Masikini," mchungaji akasema, akavua kofia.

Huruma ikawashika watu. Wakadhani Crummie yuko kufani na Habbie anaona haya. Wakamsogeza kando kwa upole, jinsi mtu anavyosogezwa msibani, bwana mkubwa akainama na gunia lake, akafungua komeo.

Crummie hakuwa ameona majani mabichi tangu vuli. Aliona mwanga, akasikia harufu, akatoka. Bwana Pringle hakupata nafasi ya kusema neno. Gunia lilinasa kwenye ile pembe iliyopinda, naye alikuwa bado amelishika, akavutwa kupita ua mzima na kuachwa juu ya lundo la samadi. Habbie alirukia mkia. Mkia ukamchukua mpaka kwenye ukuta wa mawe. Crummie aliruka ukuta, miguu ikapita juu ya vichwa, Habbie akabaki upande wa huku na manyoya machache mkononi. Tulimwona anateremka bondeni, gunia linapepea pembeni kama bendera, anapiga mateke hewani mpaka akafika mtoni kwenye majani, akainamisha kichwa, akaanza kula.

Mirren ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope, akajifunika uso na aproni. Halafu wote.

Bwana Pringle aliinuka kutoka kwenye samadi, akajipangusa jicho moja.

"Habbie," akasema, "zile tanipu zilizooza. Ziliozea tumboni mwa ng'ombe?"

Kazi ya kuinua ilipokwisha, mchana ule ule wakaja kilabuni kwangu wote, hata wake zao, maana habari ilikuwa imetembea. Habbie hakungoja kuambiwa. Alipanda juu ya benchi. Walipiga makofi, wakalia kama ng'ombe, akawaacha mpaka wakachoka.

"Nilisema zimeoza," akasema. "Nilidanganya. Zilikuwa nzima, na Mirren alimlisha Crummie, na tumekunywa maziwa majira yote ya baridi, na mimi nimekunywa kuliko wote."

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alikuwa anakizungusha kile kikofia chake mikononi.

"Nilicheka chama kwa sababu niliogopa," akasema. "Wakubwa wenzangu mnakumbuka ile miaka. Mimi nikiona kipande kisicho na oti, namwona Patie wetu. Sijui kulieleza vingine."

Wengi mle walikuwa na Patie wao. Mimi niligeukia moto nikauchochea, ingawa ulikuwa hauhitaji kuchochewa.

Bwana Pringle akasimama, bado ananuka. "Hakuna mtu wa chama hiki atakayekuambia umwage uji wa nyumba yako, Habbie. Si mimi, si yeyote."

"Na uji gani?" Mirren akasema kutoka mlangoni. "Kile kipande cha juu hakijawahi kutupa uji. Kilitupa mbigili. Oti zetu ziko pale pale, na samadi ya Crummie mwaka huu ni lundo, mwulizeni bwana mkubwa, amelipima mwenyewe."

Hapo hata Habbie alicheka, akateremka kwenye benchi, na mtu akamtia kikombe mkononi. Mchungaji Logan akapendekeza kwamba mavuno yajayo kila mtu azuie mifugo yake isiingie kwenye vipande vya tanipu. Habbie akasema anaunga mkono, kwa sharti kwamba wachungaji nao wazuiwe.

Mwaka ule nusu ya kijiji walipanda. Wengine walizipanda zimesongamana, wakavuna vitu kama vidole. Wengine zao zililiwa na viwavi, wakaja kusema hivyo bila haya, na tukawacheka vizuri. Lakini masika yaliyofuata magunia ya kuinulia yalitumika zizi moja moja tu. Mengi ya mazizi yalifunguliwa na ng'ombe wakatoka kwa miguu yao, wakiyumba kidogo, wakipepesa macho. Watu walikusanyika hata hivyo. Pombe ilikuwa imeshatengenezwa. Bibi mmoja jirani yangu alisimama anamtazama ng'ombe wake anatembea, akasema hajui afanye nini na mikono yake leo, basi nikampa kikombe akishike.

Habbie sasa hakuwezekana. Alisimamisha wapita njia kuwaeleza nafasi kati ya mche na mche. Aliwaendea watu mashambani mwao bila kuitwa, akang'oa tanipu zao na kuwaambia zimekaa vibaya. Mirren alisema alikuwa anampenda zaidi alipokuwa mbishi, maana alikuwa anarudi nyumbani mapema.

Bwana Pringle aliposoma habari za klova, majani fulani ya kupandwa kwa ajili ya malisho, aliingia kilabuni akiwa na wasiwasi. Alikuwa amejifunza kuwa mwangalifu. Alisema labda tungoje kidogo, labda mwaka mmoja au miwili, tuone kwanza wengine watafanyaje.

"Tungoje nini?" Habbie akauliza, akasogeza benchi karibu. "Bwana mkubwa, hizo mbegu ziko wapi?"

"Ghali, Habbie. Na pengine haziwezi baridi yetu."

"Ziko wapi?"

Wakabishana mpaka pombe yangu ikaisha, mwenye ardhi akivuta nyuma, mpangaji akisukuma mbele, vidole vyao vinachora mashamba juu ya meza yangu kwa pombe iliyomwagika. Mwishowe bwana mkubwa akakubali kutoa kipande kimoja kizuri kando ya mto. Habbie akanigeukia, uso umewaka kama wa kijana, akaniambia nimletee Mirren haraka, na majembe mawili.